Dakika ya Hamsini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa kazi nisiyoitaka. Asubuhi Mkaguzi Mkuu aliniita ofisini kwake akanikabidhi fomu mia za maoni, saa ya kupimia muda na barua ya kuniingiza ukumbini. Filamu yenyewe inaitwa Kifuniko. Ina miaka thelathini, ilikuwa imesahaulika kabisa, sasa watu wameifufua. Kila wiki wanajaza ule ukumbi wa sinema wa mtaa wa nyuma, onyesho la saa tisa alasiri. Wapo walioiona mara kumi na tano. Malalamiko yamefika hapa Bodi ya Ukaguzi. Mzazi mmoja ameandika kwamba binti yake hataki tena kuoga.

Nitakaa na watazamaji, niandike dakika waliyocheka, dakika waliyotoka, dakika waliyofumba macho. Nikusanye fomu. Nitoe ripoti. Mwishoni mwa ripoti kuna mstari wa nukta: Nathibitisha kuwa nimeitazama filamu hii mwanzo hadi mwisho. Sahihi.

"Sawa, mkuu," nilisema. Ningesema nini? Niko kwenye majaribio. Mwisho wa mwezi huu ama nathibitishwa kazini, ama nakunja cheti changu na kurudi nyumbani.

Sijawahi kumaliza filamu ya kutisha. Hata moja. Dada, ambaye naishi kwake, ananiita Kunguru tangu shule ya msingi. Nilipomweleza jioni alicheka mpaka akakaa sakafuni. Eti bodi nzima imekosa mtu ila mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata njia. Naiandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kuisemea.

Niliwahi ukumbini. Zulia linanuka unyevu. Watu wakaanza kuingia, wengi wao na vifuniko vya sufuria kwapani. Nikadhani wametoka dukani. Kumbe kuna mahali katika filamu wanavigonga, wote pamoja. Dereva wa lori aliyekaa kando yangu ndiye aliyenieleza, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali pa kuvulia viatu. "Mara ya kwanza, kaka? Basi usile kitu."

Taa zikazimwa. Sauti ya maji. Halafu kitu kama kucha juu ya bati.

Nikainuka. Nikaenda mbele kabisa, nikasimama pembeni karibu na pazia, mgongo kwenye skrini, uso kwa watu. Kwani kazi yangu si watu? Nikawasha tochi ndogo, nikaandika. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Dakika ya 9: wamecheka wote, wakanyamaza wote kwa mpigo. Dakika ya 23: mama mmoja kavua viatu, kapandisha miguu kitini. Dakika ya 40: wametoka wawili, karudi mmoja. Dakika ya 52: vifuniko. Halafu zile nyuso — sijui nisemeje. Midomo wazi, lakini hakuna anayepiga kelele. Kama watu wanaoitwa majina yao kutoka chumba cha pili.

Sikugeuka.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma fomu kutwa.

Mshonaji nguo: "Baba anapiga pasi mikono yake mwenyewe, anaikunja, anaiweka kabatini. Nilicheka, kisha nikalia. Naomba kuja tena."

Mwalimu mstaafu: "Bibi anachana ukuta nywele. Sikuona ubaya wowote mpaka nilipofika nyumbani nikatazama ukuta wangu."

Asiyejitambulisha: "Upuuzi mtupu. Hakuna hadithi. Nimekuja mara sita."

Na fomu kumi na moja zinasema jambo moja. Uani mwa nyumba ile kuna kisima. Dakika ya 52 kifuniko kinasogezwa na mtoto anashushwa ndani. Kumi na moja! Hawakukaa pamoja, niliwaona. Mmoja ameeleza vizuri zaidi kuliko wengine: mtoto wa kike, miaka mitano hivi, gauni jekundu, hapigi kelele.

Chai yangu imepoa nikiiangalia.

Alhamisi, 7 Machi

Onyesho la pili. Mahali pale pale, mgongo kwenye skrini. Fomu nane nyingine za mtoto. Dereva wa lori alinipungia mkono. Nadhani ananihurumia.

Ijumaa, 8 Machi

Ripoti imekwisha. Kurasa sita, pembe zimenyooka. Mkaguzi Mkuu aliisoma akiwa amesimama, na alipofika kwenye kisima akakaa.

"Huyu mtoto. Yukoje?"

Nikasema: wa kike, miaka mitano hivi, gauni jekundu.

"Umemwona wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mkuu."

Neno dogo kiasi gani. Lilitoka kama chafya. Akasema basi hakuna haja ya kuzunguka: mtoto akidhuriwa kwenye skrini, filamu inapigwa marufuku na ukumbi ulioionyesha unanyang'anywa leseni. Kanuni haina mlango wa nyuma. Akasema nimefanya kazi ya mtu mzima. Jina langu atalipeleka wiki ijayo ili nithibitishwe.

Nikatia sahihi kwenye ule mstari wa nukta. Nikagonga muhuri. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linalonisumbua.

Nyumbani Dada aliniita kwa jina langu halisi, mara mbili.

Jumapili, 10 Machi

Nimefua shati moja mara mbili. Siwezi kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui nilikuwa nakwenda wapi. Hakuna lililotokea. Nimerudia maneno hayo siku nzima. Hakuna lililotokea.

Jumatatu, 11 Machi

Limetokea.

Saa nne asubuhi alikuja mzee mmoja mezani kwangu, miwani miwili: mmoja machoni, mwingine kwenye paji la uso. Ni fundi mitambo wa ule ukumbi, ndiye anayeendesha projekta. Mkononi alikuwa na barua yetu ya kusudio la kufunga ukumbi, na nakala ya ripoti yangu. Amefanya kazi pale miaka ishirini na saba, na anaishi chumba cha nyuma ya kibanda cha mashine. Leseni ikiondoka, kazi na kitanda vinaondoka siku moja.

Hakuja kugomba. Alivuta kiti, akakaa.

"Si wewe ndiye uliyesimama umeipa skrini mgongo? Nilikuwa nakuona kutoka kwenye tundu langu. Nikasema, huyu kijana na filamu wamekosana nini?"

Nikasema nilikuwa nachunguza watazamaji, mzee.

"Sawa. Sasa hapa umeandika gauni jekundu."

"Ndiyo, mzee."

Akashusha miwani ya juu ikakaa mbele ya ile ya chini, akanitazama kwa yote miwili.

"Mwanangu, filamu hii haina rangi. Nyeusi na nyeupe tangu mwanzo mpaka mwisho."

Masikio yaliwaka. Nilitazama mlango wa Mkaguzi Mkuu, ulikuwa umefungwa. Yule mzee alikunja barua yake taratibu. Akasema nikiwa na nafasi kesho mchana nipite, kuna kitu anataka nikione kwenye mwanga wa jua, hakitishi.

Hakitishi! Anajua.

Jumanne, 12 Machi

Nilikwenda saa ya chakula.

Chumba chake: kitanda, jiko la umeme la sahani moja, magurudumu ya mikanda ya filamu hadi darini. Alinitolea gurudumu la tatu, lenye ile dakika ya 52, akanivisha glavu za kitambaa, akanyoosha mkanda dirishani. Picha ndogo ndogo, kila moja kama ukucha wa kidole gumba. Ua. Kisima. Mikono ya mtu mzima juu ya kifuniko. Kifuniko kimesogea kidogo. Kimesogea tena. Weusi. Kifuniko kimerudi.

Nilihesabu picha mia mbili na arobaini, hiyo ni kama sekunde kumi. Nikarudia kutoka nyuma. Hakuna mtoto. Hakuna mguu wala kivuli cha mtoto.

"Sasa wanamwona wapi?"

"Mimi nilimwona," akasema. "Wiki ya kwanza kabisa. Nikazima mashine watu wakiwa ndani, nikakagua mkanda hivi hivi ulivyofanya wewe. Patupu. Kesho yake nikamwona tena." Alikuwa akipangusa mkanda kwa kitambaa. "Kuna sauti tu pale. Kama mtu mwenye mafua anapumua. Ukiisikia gizani, unatafuta pua iko wapi."

Nilicheka, nikashtushwa na sauti yangu.

Akaniuliza kama nitawaambia. Nikasema nikiwaambia, swali litakalofuata ni mimi nilikuwa natazama nini. Na nimeshatia sahihi.

"Ndiyo," akasema. "Hilo watakuuliza."

Hakunisihi. Angenisihi ningepata cha kukasirikia. Alinipa chai, akarudi kwenye magurudumu yake.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi nilibisha mlango wa Mkaguzi Mkuu. Nilikuwa nimejipanga, hata sentensi ya kwanza niliikariri njiani. Nikasema, "Mkuu, kuna kosa kwenye ripoti. Lile gauni. Filamu haina rangi."

Akachukua wino mweupe, akafunika neno "jekundu", akapuliza likauke. "Basi. Rangi ni jambo dogo."

Sentensi ya pili haikutoka.

Akaniambia fundi amekata rufaa, kwa hiyo kesho wajumbe wa bodi wataitazama wenyewe, ukumbi mtupu. Mimi nitakaa kando ya mwenyekiti. Dakika ya 52 nimguse mkono, asije akapitwa. Baada ya hapo nithibitishe ripoti mbele yao. Na jina langu tayari limo kwenye orodha, akaongeza huku akitabasamu. Barua itachapwa Ijumaa.

Kumbe jana Dada alikwenda kuiona, bila kuniambia. Ameniambia leo tukiosha vyombo. Alicheka mle ndani, akasema, mpaka ule wakati wa mtoto.

"Mtoto gani?"

"Yule wa kisimani. Mwenye mapunye kichwani, kama wale wanafunzi wangu wa darasa la pili."

Nikamwambia hakuna mtoto. Nimeushika mkanda kwa mikono yangu, nimehesabu.

Sijamwona akikasirika hivyo tangu tukiwa wadogo. "Kunguru, usinifundishe nilichokiona. Mimi nilitazama. Wewe hukutazama."

Basi nikamweleza yote. Mgongo, fomu, sahihi, yule mzee na chumba chake. Aliacha kuosha, mikono ndani ya maji ya sabuni.

"Nenda ukaseme. Au usiseme. Ila acha kuizunguka meza, unanipa kizunguzungu."

Sikujua kuwa naizunguka.

Nimeamua. Kesho nitatazama. Macho mawili, mwanzo hadi mwisho, nimeelekea mbele. Nikishaiona kwa macho yangu nitasema hakuna mtoto, na nitasema kwamba mara mbili za kwanza sikutazama. Wanifukuze. Nimeandika kwa wino ili nisifute.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika ukumbini. Wajumbe wananiona naandika, wanadhani ni kumbukumbu za kikao. Nimekaa mstari wa nne na mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye pipi za mnanaa mkobani, amenipa moja. Wajumbe wanne wako nyuma yetu, pamoja na Mkaguzi Mkuu. Fundi yuko juu kwenye kibanda chake.

Dakika ya 4. Natazama. Kuna nyumba. Maji yako juu ya dari, samaki wanapita. Si mbaya.

Dakika ya 9. Nimecheka. Mimi!

Dakika ya 31. Huyu baba mwenye pasi. Fomu haikusema ni mpole kiasi gani. Anaikunja mikono yake kama nguo za mtoto mchanga. Nimevunja ncha ya penseli, nimechukua nyingine.

Dakika ya 40. Mkaguzi Mkuu ametoka. Amesema simu. Sikusikia simu.

Dakika ya 50. Ua. Kisima. Najua kila kilichomo. Kifuniko, mikono, weusi, kifuniko. Nitatazama.

Dakika ya 51. Ile sauti. Kweli, kama mtu mwenye mafua.

Nimegeuka.

Sikukusudia. Kifuniko kiliposogea tu shingo yangu ilijigeuza yenyewe, nyuma, kwa watu, kama zile siku mbili. Nikawaona wajumbe wanne, mwanga umewapiga usoni, midomo wazi. Mmoja kashika shati lake kifuani. Nazijua nyuso hizo, nimezijazia kurasa. Niliporudisha kichwa mbele kisima kilikuwa kimefungwa.

Sikumgusa mwenyekiti mkono. Yeye ndiye aliyenishika wangu.

Amesimamisha onyesho. Taa zimewaka. Anawauliza mmoja mmoja. Wa kwanza amesema mvulana. Wa pili amesema si mvulana, ni msichana, na alikuwa akitabasamu. Wa tatu anasema kichanga, ndani ya kanga. Wa nne hataki kusema, anatafuta leso. Sasa wanatazamana. Mkaguzi Mkuu amerudi, kasimama mlangoni. Juu kule fundi ametoa kichwa kwenye tundu, miwani yote miwili.

Mwenyekiti hajasema alichokiona yeye. Amefungua ripoti yangu juu ya magoti, ukurasa wa sahihi, ametoa kalamu.

"Kijana, sisi tumechanganyikiwa. Wewe umeitazama mara tatu. Tuambie, yumo au hayumo?"

Nimemwomba dakika moja nimalizie kumbukumbu. Amesema, "Malizia, mwanangu, hatuna haraka." Wote wamenigeukia. Nimefika mwisho wa mstari, na yeye bado amenishikia kalamu