Grisi ya boti kwenye prosesa

Mwahija, niache kwanza nitukane.

Kompyuta ya steshenari imezima tena, nikiwa katikati ya kuchapa mtihani wa mwalimu Salome. Nimeifungua mwenyewe. Unajua Mudathiri wako alipoitengeneza alipaka nini juu ya prosesa? GRISI. Grisi ya injini ya boti!

Nimempigia. Eti, "Dada Warda, ile dawa ya kupozea mpaka uagize Dar. Hii haiingizi maji ya chumvi."

Maji ya chumvi!! Kompyuta yangu inaenda kuvua wapi?

Grisi imeyeyuka mpaka kwenye soketi, prosesa imeungua.

Tena anajitetea, "Wengine nawapaka kidogo, wewe nilikupendelea."

Alinipendelea!

Sasa sikia. Ijumaa akileta posa kwenu, mwambie pilau nimepika mimi.

Kwa grisi. Na nimempendelea.