Kopo Lisilotiwa Pamba

Mama, mwaka umetimia tangu cherehani yako inyamaze, na bado tukiingia chumbani tunainamisha kichwa kuikwepa tepu ya kupimia uliyokuwa ukiining'iniza mlangoni.

Ilikuchukua presha. Tunalisema wazi kwa sababu wapo waliongoja miaka ishirini na mbili wasikie jambo jingine. Uliishi na virusi vya UKIMWI miaka hiyo yote, ukatulea, ukashonea sare nusu ya mtaa, ukanenepa hadi ukapanua gauni lako mara tatu, huku ukikilaumu kitambaa.

Wenzako wa kliniki walipolalamika kwamba vidonge vinagongana koponi na kuwaumbua njiani, uliwashonea mifuko ya siri ndani ya mikoba, yenye pamba, isitoe sauti. Wengine walikuja wakilia. "Mkoba weka hapa," ulikuwa ukiwaambia, "na huo moyo pia, tuone umechanika wapi." Wakaondoka wanacheka.

Kopo lako mwenyewe hukulitia pamba. Kila saa moja asubuhi ulilitikisa mlangoni kwa kitinda mimba wako, tunayemwita Chiriku kwa wingi wa maneno, aliyezaliwa na virusi hivyohivyo. Naye alikujibu kwa kulitikisa lake. Mkameza pamoja, mkibishana nani kachelewa.

Ulipoondoka, Chiriku alinyamaza. Tukadhani ni msiba tu. Mwezi wa pili baada ya kukuzika tulilikuta kopo lake kwenye droo ya cherehani, limeshindiliwa pamba, vidonge vimejaa.

"Nikitikisa, nani atanijibu?" alituuliza.

Tuliogopa sana, Mama.

Kesho yake kaka yake, ambaye hana dawa yoyote ya kumeza, alitia vifungo vyako vya mashati kwenye kopo tupu, akasimama mlangoni saa moja kamili, akatikisa. Kimya. Akarudi kesho, na keshokutwa. Siku ya nne alijibiwa.

Dada yako alimrudisha Chiriku kliniki. Sasa vipimo vyake ni vizuri, na maneno yamerudi yote, hata yale tusiyoyahitaji.

Tunaokukumbuka ni mumeo, anayebishana na redio peke yake siku hizi, mwanao wa vifungo, Chiriku wako, dada yako, na wenzako wa benchi la kliniki, mikoba yao mabegani.

Hatutakusahau kamwe. Saa moja asubuhi, Mama, utusikilize tukitikisa.