Kompyuta Juu ya Salfa

Selestina, usipige, siwezi kuongea. Niko hospitali Masasi, tumemkimbiza Baba kutoka Chiungutwa. Amewekewa oksijeni.

Stoo imeungua. Ni ile kompyuta yangu ya zamani uliyoicheka, niliyoitengeneza ili igawe intaneti nyumba nzima. Niliiweka stoo kwa sababu soketi inayofanya kazi iko humo tu. Juu ya mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, Sele. Juu ya salfa!

Na Baba aliniambia. Aliniambia kabisa, "Mwanangu, salfa haikai na moto." Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Kompyuta siyo moto, Baba."

Kompyuta siyo moto! Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Nadhani feni ilikuwa inavuta lile vumbi la salfa mpaka ikapiga shoti. Tumerudi kutoka shamba tukakuta moshi unatoka dirishani, unachoma macho na koo. Hapakuwa na mtu ndani. Hapakuwa na haja ya mtu yeyote kuingia.

Baba akaingia.

Unajua kwa nini? Siku naifunga aliniuliza hilo boksi lina nini, nikamjibu kwa mkato tu, "Mtandao wote wa nyumba hii umo humo." Basi akaenda kuuokoa. Akatoka amelikumbatia, linafuka moshi, akaanguka uani.

Sasa hivi amesogeza barakoa ya oksijeni. Sauti imekwisha, nikadhani anataka maji.

Ananiuliza, "Mtandao umepona?"

Nimemjibu umepona.