P ya Risiti

Jumamosi, 30 Novemba 2024

Jumanne ni usaili! Shule ya binafsi huku Tumbi, nafasi moja ya mwalimu wa Kiingereza. Tumeomba wote, mimi na Bertha. Chumba kimoja hapa Sofu, kitanda chake na changu, tangu tulipomaliza kujitolea kule shuleni Vihingo. Tumekubaliana: atakayepata atamvuta mwenzake.

Leo nimemsomea ukurasa mzima wa Kiingereza kwa sauti. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia nikikosea anikatize. Hakunikatiza hata mara moja.

"Safi kabisa, Kabula. Soma hivyohivyo."

Moyo wangu mweupe.

Jumanne, 3 Desemba

Sitaki kuandika.

Jumatano, 4 Desemba

Haya, naandika.

Walikuwa watatu mezani. Nikapewa kifungu: fundi bomba kapoteza risiti kisiwani. Nikasoma kwa kujiamini! Plumber nikaitamka na b yake. Receipt na p yake. Island na s yake. Nilipofika doubt, mama mmoja akaficha uso nyuma ya faili. Mabega yanacheza.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Ambokile, hakucheka. Akaniuliza nilifundishwa na nani. Nikasema Mwalimu Mahona, shule ya msingi — alituambia herufi ikiandikwa ni lazima isomwe. Akaguna. Akanieleza taratibu kwamba Kiingereza kina herufi zinazoandikwa tu, hazitamkwi.

Risiti! Kila siku dukani nasema risiti. Sijawahi kujiuliza p imekwenda wapi.

Na wale watoto wa Vihingo? Miaka miwili nimewaimbisha k-nee, k-nee, huku wameshika magoti. Nimewaharibu.

Baba kapiga simu kutoka nyumbani kijijini. Ameshawatangazia wafugaji wenzake kwenye josho la ng'ombe kwamba binti yake anaongea Kizungu kama redio. "Vipi, umepata?" Nikasema majibu bado. Uongo. Bertha kapata, wamemjulisha jana ileile jioni. Nikampa hongera. Nikamkumbatia kabisa!

Ijumaa, 6 Desemba

Nimepeleka sketi kwa Naila, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Bertha humfundisha Kiingereza Jumapili. Naila kaniona nimenyong'onyea, nikamsimulia yote. Akashangaa.

"Mbona hayo Bertha alishanifundisha?"

Akatoa daftari chini ya vitambaa. Mwandiko wa Bertha, naujua. Knee — k imekatwa kwa kalamu nyekundu. Doubt — b imekatwa. Receipt. Island. Juu kabisa tarehe: 13 Oktoba.

Oktoba!

Nimerudi bila sketi, bila kuaga.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimemuuliza. Hakukana.

"Nafasi ilikuwa moja, Kabula. Ungekuwa wewe?"

"Ningekwambia."

"Unasema hivyo kwa sababu baba yako ana ng'ombe. Ukishindwa unarudi nyumbani, unakula. Mimi nikishindwa narudi kwa nani?"

Halafu nikakumbuka Vihingo. Yeye alikuwa anafundisha hesabu chumba cha jirani, na ukuta wenyewe haukufika juu. Miaka miwili akinisikia! Wakati ule hapakuwa na nafasi yoyote ya kugombania. Nikamuuliza: na kule je?

Akasema: "Kule nilikuwa nacheka tu."

Hilo ndilo limeniua. Si kazi. Hilo.

Jumanne, 10 Desemba

Mwalimu Ambokile kapiga simu sasa hivi. Nikadhani kaghairi, wananitaka mimi! Sivyo. Anasema kabla Bertha hajasaini mkataba wanataka neno la mtu aliyefanya naye kazi, na Vihingo tulikuwa wawili tu tuliojitolea.

"Najua mliomba pamoja, binti yangu. Ndiyo maana nakuamini hutampendelea. Nijibu moja tu: nikimwachia watoto, akaona mtoto anapotea, atamwambia?"

Nikamwomba dakika kumi. Nikasema nina mgeni.

Bertha alikuwa anapiga pasi blauzi ya kuanzia kazi. Kasikia kila neno, simu yangu sauti yake kubwa. Kachomoa pasi, kakaa kitandani kwake, hanitazami. Samahani hajasema. Kauliza tu, "Utamwambia nini?"

Nimefungua daftari hili, naandika. Dakika ya nane. Namba ya Mwalimu iko hapa kwenye kioo cha simu, bado kubonyeza, na Bertha kaanza kukunja ile blauzi polepole, mkono mmoja, mkono wa pili —