Mti wa Kahawa Uliorudi Ujanani

Mjukuu wangu Tumaini,

Wiki tano sasa tangu bibi yako atutoke. Wengine hapa Ipogolo hatujambo.

Umeniuliza kwa nini ule uvimbe wake tuliuita uzee. Kosa kama hilo, la kudhani kiotacho vibaya ni mambo ya umri tu, nililifanya hata ujanani. Mti wetu mkongwe wa kahawa ulitoa chipukizi nene, nikamwambia mama yangu, “Umerudi ujanani!”

Akacheka. “Ujana gani, wewe? Hilo halizai, linanyonya tu. Kata!”

Sikukata. Mwaka wa pili mti ukakauka.

Unaandika kwamba seli ikizeeka huacha kugawanyika, na saratani huanzia kwa ile inayokataa kuacha. Ningejua, nisingempotezea bibi yako miezi minane bila kumpeleka hospitali.

Sasa mama yako naye ana uvimbe. Nijibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana: unampeleka hospitali, au nije huko Iyunga nimpeleke mwenyewe?

Babu yako