Karatasi Mbili Zisizo na Namba

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi ni mzima, ila magoti yananung'unika kila nikipanda ngazi. Wewe je, kifua kimetulia? Na mumeo bado anajifanya kiziwi ukimwambia apunguze chumvi? Binti yangu anakusalimu, anasema mama mdogo amemtupa.

Nina habari nzuri, na ndiyo maana inanitisha. Hospitali inataka watu watano watoke huku kwenye chumba cha kufulia waende kitengo cha kutakasa vyombo vya upasuaji. Ni kazi ya kukaa, haina mvuke wa kumchemsha mtu akiwa hai. Msimamizi wetu, tunayemwita Filimbi kwa sababu hajui kusema bila kupiga kelele, alinifuata kwenye mashine ya kukausha akasema, "Jina lako nimeshalipeleka. Safari hii sitaki kusikia hapana!" Maana huko nyuma alitaka kunipandisha mara mbili, na mara zote mbili nikaumwa ghafla.

Sharti ni moja. Lazima nisome Hesabu za Msingi katika chuo cha jamii, wiki kumi na mbili, kwa mtandao, nikiwa nyumbani. Huko kwenye kitengo wanachanganya dawa na maji kwa vipimo, na ukikosea anayeumia ni mgonjwa. Kabla ya somo kuna jaribio la kupima kiwango, tarehe 22 Aprili. Ukipata chini ya nusu, hawakuchukui.

Wewe peke yako unajua kwa nini naogopa hivi. Jambo hili hatujawahi kuliandika, hata kulisema hatulisemi, lakini leo acha nilitoe. Tulikuwa darasa moja kwa kuwa mimi nilirudia ukanifikia. Nyumbani walikuita Profesa. Mimi hesabu zilinipiga chenga tangu kuzidisha kwa saba. Asubuhi ya mtihani wa mwisho nilikulilia kule chooni, tukakubaliana: wote wawili tuache karatasi zetu bila namba ya mtahiniwa. Wewe uliyekaa mwisho wa mstari ndiye ungezikusanya, na wakati wa kukusanya ungeandika namba yangu kwenye karatasi yako, na yako kwenye yangu. Majibu yalipotoka mimi nilikuwa nimefaulu hesabu, wewe umeanguka. Nikaendelea na shule, wewe ukapelekwa kwa fundi kujifunza cherehani. Leo ni miaka thelathini na moja. Cheti kilichonipa kazi hapa kina jina langu, lakini mkono ni wako.

Sasa naomba jambo la aibu. Jaribio linafanyiwa nyumbani kwenye kompyuta, hakuna anayekutazama. Nikikupa neno la siri, unaweza kulifanya wewe huko huko. Mara hii tu. Somo lenyewe nitapambana nalo mwenyewe.

Usinicheke. Nijibu upesi.

Dada yako

---

Jumatano, tarehe 12 Machi

Dada,

Salamu zimefika zote, hata za magoti. Kifua kimetulia, mume hajatulia. Huyo binti yako mwambie simu ina pande mbili, na yeye ana vidole.

Kuhusu ombi lako: hapana. Hapana kubwa, ya herufi zote. Hilo jaribio utalifanya wewe. Usiniulize sababu. Hayo ya zamani nayo tuyaache yalale.

Ila kukufundisha nitakufundisha, tena utanichukia. Tuanze na sehemu. Chukua shuka, si unazo elfu moja hapo kazini? Ikunje mara moja, hiyo nusu. Ikunje tena, hiyo robo. Ikunje mara ya tatu. Sasa ifungue uhesabu vipande: ni vinane. Kwa hiyo nusu ya robo ni moja ya nane. Umeona? Umekuwa ukikunja hesabu miaka yote hiyo huku ukisema huzijui.

Swali la kwanza: gauni moja linakula mita mbili na robo. Mteja kaniletea mita tisa. Nitatoa magauni mangapi? Usimwulize binti yako.

Kila siku fanya kumi, uzipige picha unitumie. Kalamu nyekundu ninayo.

Mdogo wako

---

Jumanne, tarehe 1 Aprili

Mdogo wangu,

Vipi hali? Nashukuru kwa masahihisho, ingawa lile neno "mbuzi" uliloandika pembeni ya swali la nane halikuwa la lazima. Mume anasemaje? Sisi huku salama.

Maandalizi yanakwenda. Mwalimu wa somo ametutumia sote tunaosubiri jaribio maswali ya mfano, na orodha ya vitu: kompyuta, vipokea sauti vya masikioni, daftari lenye miraba, penseli na mahali patulivu. Vyote nimepata isipokuwa hicho cha mwisho. Nimeondoa meza ya kupigia pasi dirishani nikaweka meza ya chai, na kompyuta nimeipandisha juu ya sanduku ili kamera isionyeshe kidevu tu. Binti yangu amenifundisha kupiga picha kazi na kuituma chuoni. Mara ya kwanza nilituma picha ya mguu wangu. Mwalimu akajibu, "Nimepokea, lakini silioni jibu la swali la tatu." Binti yangu nusura aanguke kwenye kiti.

Nimejipima kwa maswali ya mfano mara mbili. Mara ya kwanza nimepata kumi na moja kati ya ishirini na tano, jana nimepata kumi na nne. Kumi na nne, mimi!

Na hapo ndipo palipoharibika. Badala ya kufurahi nilikaa nikakuona wewe umeinama kwenye cherehani tangu usichana. Kila swali ninalolipata ni kama naokota kitu chako. Kwa hiyo nimeamua. Nimeandika barua mbili, moja ya mshauri wa chuo, nyingine ya Filimbi, nikieleza kwamba cheti changu si changu. Ijumaa nitazipeleka. Wakinifukuza wanifukuze. Siwezi kwenda mahali ambapo mgonjwa anategemea hesabu zangu, nami nimeingilia mlango wa uongo.

Jina lako sitalitaja. Usihangaike.

Magauni ni manne.

Dada yako

---

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Dada,

Leo sina salamu. Soma hii kabla hujampa mtu yeyote barua yoyote.

Karatasi sikuzibadilisha.

Nilikaa nyuma yako siku ile nikitazama mgongo wako umeinama, nikajiuliza: kwa nini mimi? Kwa nini nikufanyie, halafu mimi nianguke? Nilishakubali, na kukataa nilishindwa, basi nikasusa. Nilijibu maswali matatu, manne. Mengine nikayaacha, nikawa nachora maua pembeni. Nikasema moyoni, haya, dada, si unaitaka? Chukua hiyo.

Kengele ikalia, msimamizi wa mtihani akaniambia nikusanye. Nikaishika yako. Dada, ilikuwa imejaa. Umeandika, umefuta, umeandika tena, mpaka sehemu moja karatasi imetoboka. Nikaitazama yangu yenye maua. Kama ningebadilisha, mimi ningefaulu kwa jasho lako na wewe ungeanguka kwa kisirani changu. Sikuwa mbaya kiasi hicho. Niliandika namba ya kila mtu mahali pake.

Zile alama hamsini na nne zilizokufaulisha zilikuwa zako. Zote.

Majibu yalipotoka ulinikumbatia ukalia, ukasema asante, asante. Nilifungua mdomo nikuambie. Lakini ndani baba alikuwa anauliza Profesa kaangukaje, na wewe ulikuwa unanitazama kama mtu aliyejitoa mhanga. Nikaufunga. Kuwa mdogo mtu mwenye moyo mkubwa kulikuwa rahisi kuliko kuwa mwerevu aliyesusa. Tangu hapo ukanipa chumba kikubwa, ukawa unashuka wewe kwanza kila tukigombana, na binti yako ukampa jina langu. Nikazoea. Nilisema nitakuambia mwaka huu, mwaka ukapita, na kila ulipopita jambo likazidi uzito.

Ila sitakuacha uende kujishtaki kwa wizi ambao haukufanyika.

Zichane hizo barua.

Mdogo wako

---

Jumapili, tarehe 20 Aprili

Dada,

Hujambo? Leo ni siku kumi na nane bila neno lako. Binti yako ananiambia unakula, unakwenda kazini, na ukiulizwa habari zangu unaanza kufuta vumbi. Nashukuru hata kwa hilo.

Sikulaumu. Nimeandika tu kwa sababu jaribio ni keshokutwa. Ukijumlisha sehemu, namba za chini zifanye zilingane kwanza. Usizijumlishe za chini, huwa unazijumlisha. Na asilimia usiiogope, ni mia tu iliyojivisha koti.

Mdogo wako, kama bado

---

Jumapili, tarehe 27 Aprili

Mdogo wangu,

Bado ni mdogo wangu, hilo halina mtihani. Kifua kikoje? Mumeo nimpe pole, najua wiki hizi umemsumbua.

Ujumbe wako niliusoma nikiwa nimekaa juu ya marobota ya shuka, zile barua mbili ziko mfukoni. Nilicheka, nikacheka mpaka mwenzangu wa zamu akazima mashine aje kunitazama. Halafu hasira ikanipanda, na sikuwa na pa kuiweka. Mara mbili nimekataa kupandishwa! Nimemwachia binti yangu apime mapazia, apange saa za dawa zangu, asome ramani. Hata baba yake, siku alipokuja kunichumbia, kitu cha kwanza nilichomwambia ni kwamba mimi sijui hesabu, kama mtu anayetangaza ugonjwa. Na kila nilipokataa kitu nilidhani nakulipa heshima wewe.

Zile mbili za Ijumaa nilizichana, kisha nikakuandikia wewe nne, nazo nikazichana. Moja ilikuwa na matusi mazuri sana, inasikitisha hutaisoma.

Siku ya jaribio nilikaa dirishani, mlango nimeufunga. Swali la sita lilitaka robo tatu ya sitini na nne. Nikaikunja shuka kichwani: thelathini na mbili, kumi na sita, kumi na sita mara tatu. Arobaini na nane. Nikaitazama hiyo arobaini na nane, nikajiambia, hii umeitoa wewe, mama, na ile hamsini na nne uliitoa wewe. Nimepata kumi na tisa kati ya ishirini na tano. Mshauri wa chuo kanipigia mwenyewe, kasema naingia moja kwa moja kwenye somo. Nilipomwambia Filimbi alinishika bega akasema "hongera" kwa sauti ya chini. Chumba kizima kiligeuka.

Sasa nisikilize. Hasira bado sijaimaliza, nikiimaliza nitakuarifu. Lakini siku hizi nikiamka nanyoosha mgongo na hakuna kitu juu yake. Sikujua kilikuwa kizito vile.

Na kuna moja zaidi. Mimi ndiye niliyekuomba uibe. Ulikuwa na miaka kumi na sita, nami mkubwa wako nikakubana chooni mpaka ukakubali. Ungekataa wapi? Ile saa ya hasira ilikupotezea shule, na mzizi wake ni mimi. Miaka yote hii nimekushukuru, lakini radhi sikuwahi kukuomba. Naiomba leo. Nisamehe.

Dada yako

---

Jumanne, tarehe 29 Aprili

Dada yangu,

Mimi mzima, nyumba nzima, kifua hata sikisikii.

Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa barua. Nililia juu ya gauni la bibi harusi, ikabidi nilipige pasi upya. Mume alikuja kuuliza nani kafa. Nikamketisha nikamweleza yote, tangu chooni mpaka maua. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo kumbe hesabu huzijui?" Nikamwambia nazijua, tena sana, nilisusa tu. Akasema, "Ndiyo wewe huyo, hata chakula unasusa." Tukacheka mpaka mteja aliyekuwa nje akaondoka akidhani tumefunga.

Hasira yako chukua muda wako nayo. Mimi nipo. Kumi na tisa! Hayo sita uliyokosa yatume niyaone.

Mdogo wako

---

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Mdogo wangu,

Sijambo kabisa. Salamu kwa shemeji. Nakuandikia mezani hapa hapa, kompyuta bado ya moto, leo lilikuwa somo la kwanza.

Tulikuwa sura ishirini na moja, kila moja kwenye kisanduku chake. Mwalimu ni mama wa makamo, anaongea polepole na nyuma yake kuna paka asiyejali. Alisema kabla ya kufungua daftari kila mtu ajitambulishe kwa kazi yake, aseme mara ya mwisho kusoma hesabu ilikuwa lini, na ilikwendaje. Dereva wa lori akasema hesabu ndizo zilizomkimbiza shule. Mpishi mmoja akasema alikuwa analia. Mwingine akasema alipewa sifuri, na mwalimu akaizungushia duara, kama vile sifuri yenyewe haitoshi. Tukacheka wote.

Zamu yangu ikafika. Nikaongea vizuri kabisa, sauti nimeizima. Wakanipungia mikono, nikaiwasha, nikaanza upya. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu ya siku zote, kwamba mimi na hesabu hatuelewani. Hayakutoka.

Nikasema, "Nafua hospitali. Mara ya mwisho kusoma hesabu ni miaka thelathini na moja iliyopita. Nilifaulu."

Mwalimu akaandika kitu, akaita anayefuata. Hakuna aliyeshangaa.

Dada yako