Niliwasikia Wakiguna

Viwanja Sitini,
Ifakara.
Jumapili, baada ya misa ya kwanza.

Kwa Dada Eufrasia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta unaweza kukaa na kusimama bila kushika ukuta, na kwamba mtoto ananyonya vizuri. Shemeji Severini naye natumaini mgongo umempumzisha, maana palizi haimngojei mgonjwa. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma humu.

Habari zako nilizipata, kwanza kwa mdomo wa Venance kondakta wa basi la kwenu na baadaye kwenye simu: kwamba umejifungua salama mtoto wa kike, kwamba mama mkwe wako macho yamemwishia hawezi kuogesha kichanga, na kwamba nije nikutunze mpaka arobaini iishe. Ulisema mdogo wako wa tumbo moja nipo, kwa nini uhangaike na watu baki. Mimi nikakujibu mtandao unasumbua, kisha simu ikakatika. Mtandao haukuwa na neno, dada. Niliikata mimi. Ndiyo sababu nimekaa kuandika kama watu wa zamani, na Venance nimemwapisha akukabidhi mkononi. Isome kwanza peke yako, mtoto akiwa amelala.

Bado niko kazini nyumbani kwa Mzee Yoramu, yule Mpare mstaafu wa maabara niliyekusimulia kuwa anapima sukari ya chai kama anapima dawa. Ambacho sikukusimulia ni samaki wake, kwa kuwa nilijua utanicheka. Sebuleni ana tangi la kioo, refu kama benchi la kanisani, na ndani yake alikuwa na samaki wa baharini. Si wa kula. Jirani yetu Mariana kila akija kuomba kibiriti aliuliza watakaangwa lini, na Mzee akamjibu kwa heshima zote kwamba bado hawajaiva. Walikuwa wawili, dume na jike, wa rangi ya chungwa lililoiva, wenye mikanda myeupe, jike mkubwa kidogo kuliko mumewe. Walilala ndani ya kiumbe laini chenye vidole vingi vinavyochezacheza, ambacho ukiwa hukijui utaapa ni ua. Tangi lilikuwa la marehemu mke wa Mzee. Mama yule alikuwa mtu wa Tanga, akaolewa akaletwa huku kwenye mpunga na mbu, na uzeeni binti yao akamletea samaki wa kwao ili asiitamani sana bahari. Alipofariki, Mzee aliendelea kuwalisha mwenyewe, na maji yao akayachanganya mwenyewe kwenye chumba cha uani ambacho mimi siingii. Kazi yangu ilikuwa kufuta kioo tu, nje na ndani.

Siku ya kwanza kuwasikia, umeme ulikatika asubuhi nikiwa nimetumbukiza mkono na kitambaa. Pampu ikanyamaza, nyumba ikawa kimya. Yule jike akanijia mbio akanibana kidole kwa mdomo. Haumizi, ni kama kubanwa na meno ya chanuo. Ndipo nikasikia ko, ko, ko, na katikati yake mguno mfupi. Ng'. Nikautoa mkono. Wote wawili wakasimama mbele yangu, midomo ikifunguka na kufumba. Nikaurudisha mkono, wakaguna tena. Tangu hapo kila nikifuta kioo walinifanyia hivyo, na kila siku nilitoka pale jasho limenilowesha mgongo.

Wewe unawajua ngogo. Tumekua tukiwasikia kwenye mtumbwi wa baba: ukimtoa majini anapiga kelele kwa miiba ya mapezi yake. Na baba, Mungu amrehemu, akimpata mdogo alimrudisha mtoni, akisema huyu analia, bado anamtaka mama yake. Basi mimi elimu yangu ya samaki iliishia hapo. Samaki akitoa sauti analia. Nikaona hawa wamefungiwa kwenye kioo mbali na kwao, na wanamlilia mtu pekee anayewatilia mkono.

Nilivumilia wiki moja. Jumamosi, Mzee alipokwenda kanisani kwao Wasabato, niliwachota kwa sufuria nikawatia kwenye ndoo pamoja na maji yao, nikafunika kwa kanga, nikapanda bodaboda mpaka mto Lumemo. Usinione mjinga moja kwa moja. Nilikuwa nimefikiri. Shuleni tulifundishwa kwamba Lumemo unaingia Kilombero, Kilombero unakwenda kuwa Rufiji, na Rufiji unaishia baharini. Nikasema moyoni, safari ni ndefu ila njia ipo. Nikainamisha ndoo.

Dada, walikimbia kidogo tu. Jike alikwenda kama hatua mbili akalala ubavu. Dume akamzunguka, naye akaanza kuyumba. Sikujua kwamba samaki aliyezaliwa kwenye chumvi, maji ya mtoni yanamuua. Niliingia mpaka magotini nikawakinga kwa kanga, nikawarudisha kwenye ndoo, lakini maji yao nilikuwa nimeshayamwaga yote. Maji yakimwagika hayazoleki, tunausema msemo huo kila siku tukicheka, na mimi siku ile nilisimama nikayatazama yakienda. Walikufa mikononi mwangu. Yule bodaboda alikuwa ukingoni ananitazama, akaniuliza kama hao samaki ni wa mganga.

Mzee aliporudi nilimwambia kabla hajavua viatu. Hakunifokea. Alikaa akauliza walitoa sauti gani, nikamwigia. Akanieleza taratibu kwamba samaki wale hawana miiba ya kupigia kelele kama ngogo. Wanafumba taya kwa nguvu, meno yanagongana, na mbavu pamoja na mfuko wa hewa ulio tumboni vinaikuza sauti kama ngozi ya ngoma. Wanaitoa mkubwa anapomtisha mdogo, au dume anapomwita jike, na zaidi wanaitoa kumfukuza mtu kwenye mayai. Kisha akanishika mkono akanipeleka kwenye tangi, akanionyesha jiwe lililo chini ya kile kiumbe kama ua. Nilikuwa nalipitia kila siku kwa kitambaa changu. Upande wa ndani lilikuwa limejaa mayai, madogo kuliko punje za ulezi, na kila yai lilikuwa limeshaota macho mawili.

Hawakuwa wakinililia, dada. Walikuwa wakinifukuza. Mzee alisema kazi ya kuyapepea mayai ni ya baba, asubuhi hadi jioni, na bila yeye yanaoza. Alijaribu kuyapepea kwa mpira wa pampu, akishinda na njaa kwenye kigoda siku mbili. Siku ya tatu yakawa meupe. Mkewe alikuwa amengoja miaka minne wale samaki watage, akafa hajaona.

Mzee aliniuliza swali moja tu: kwa nini sikumngoja atoke kanisani nikamuuliza. Nikamjibu kwamba niliogopa kungoja. Akataka kujua kungoja nini. Hapo nikalia, nikamweleza jambo ambalo kwa miaka mitatu sijamweleza mtu, hata padri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema maneno yale si ya kuambiwa yeye, ni ya kuambiwa wewe, na kwamba akinipa ruhusa ya kuja kwako kabla sijayasema atakuwa amenisaidia kudanganya.

Dada, ni habari ya Evod.

Ulipolazwa hospitali mwaka ule wakati wa mavuno, uliniachia mwanao huyo shambani, ana mwaka na miezi minne. Uliporudi ukakuta kaburi, nilikuambia alikohoa kidogo, akalala, hakutoa sauti yoyote, nikaenda kumwamsha nikakuta ameondoka. Uliniamini. Ulinikumbatia mimi, wewe uliyefiwa.

Alitoa sauti. Tangu saa nne asubuhi alikuwa akiguna kila akitoa pumzi. Ng'. Ng'. Nilikuwa nakata mpunga hatua ishirini tu kutoka kibandani, na nilikuwa namsikia. Nilidhani anakoroma. Nilicheka peke yangu, nikasema huyu atakuwa na mkoromo wa babu yake. Na hilo lingekuwa ujinga tu, labda ungenisamehe. Lakini niliambiwa.

Mama Omega, yule jirani wa wafugaji, alipita na galoni lake la maziwa. Alimsikia kutoka njiani. Akatua galoni, akamwinamia, akamfunua shati, akaniita nione jinsi kifua kinavyobonyea. Akasema huyu hakoromi, huyu anakosa hewa, tumpeleke zahanati sasa hivi, mume wake ana pikipiki. Nami nilikuwa na hasira ya ng'ombe wao waliokula nusu ekari ya mpunga wetu mwezi ule. Nikamwambia akachunge ng'ombe wake, watoto wa wakulima tunawajua wenyewe. Akaondoka. Haikupita saa akarudi na mumewe na pikipiki inanguruma. Mtoto alikuwa amenyamaza. Nikawaonyesha kwa kidole, nikawaambia si mnaona, amepata usingizi. Nilifurahi, dada. Nilifurahi kwamba amenyamaza na kwamba nimewashinda. Mama Omega ndiye aliyemgusa akaanza kupiga yowe.

Msibani shangazi waliponiuliza nani alimgusa mtoto siku ile, nilisema Mama Omega alimwinamia akamfunua shati. Basi. Sikusema alichosema, wala kwamba alirudi. Wakamaliza wenyewe, kwamba ana jicho baya, na mimi nikainamisha kichwa nikawaacha. Aliposimama mlangoni kutoa pole, ulimfukuza kwa mwiko. Wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu kwamba mpaka leo mnapishana kisimani bila salamu, na kwamba huyu mdogo umemfunika asimwone. Yeye hajawahi kujitetea. Sijui kwa nini, labda aliona hakuna wa kumwamini.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Ukisema nije nitakuja, nitafua, nitapika, nitakusogezea maji, mtoto sitamshika mpaka unipe. Ukisema nisije, sitakuuliza sababu. Ila nakuomba jambo moja, na hili usilikatae kwa kunikasirikia mimi. Mtoto akianza kuguna kila akitoa pumzi, au kifua chake kikibonyea, usimngoje Shemeji atoke shambani, wala usinipigie mimi kuuliza. Mkimbize zahanati, na njiani mwite Mama Omega. Yeye anaijua ile sauti.

Nibusie mtoto, hata kama hutamwambia busu limetoka kwa nani. Nisalimie Shemeji na mama mkwe wako, na majirani wote wanaoniulizia. Mama Omega usimpe salamu zangu. Kwake nitakuja mwenyewe Jumapili ijayo na basi la asubuhi, hata kama mlango wako utakuwa umefungwa.

Ni mimi mdogo wako,
Dativa.